Kisutu Chekundu Mpaka Ilam

Everest sikuiona. Nalisema mapema kwa sababu kila ninayekutana naye kwenye lifti ananiuliza Everest, Everest, kama vile Nepal ni mlima mmoja na watu wote wamesimama pembeni wanapiga picha. Mimi nilikwenda Ilam, wilaya ya vilima huko mwisho kabisa wa mashariki, ukivuka mgongo wa kilima uko India. Theluji sikuigusa. Niliona chai, ukungu, ruba, na mama mmoja aliyekuwa hajaongea na mtoto wake kwa miaka minne.

Mmeniomba niandike kwa sababu nikisimulia kwa mdomo nakasirika katikati na kuruka vitu. Haya. Ya viza na tiketi nayaacha, yananichosha hata kuyakumbuka.

Weston, kabla ya kutoka

Bishnu wengi mnamjua. Kwa wasiomjua: ni Mnepali anayekaa ghorofa ya tisa ya jengo letu hapa Weston, Toronto, mimi na Mama tupo ya sita. Tulijuana kiwandani Etobicoke, kwenye mstari wa mikate, siku msimamizi aliponifokea mbele ya watu nami nikavua glavu nikamwekea juu ya meza. Bishnu aliziokota akanirudishia. Akasema kwa Kiingereza chake cha polepole, "Dada, hasira ni yako, lakini na kazi ni yako." Tangu siku hiyo ni kaka yangu. Mwenye neno baya juu yake aanze na mimi.

Ana salamu moja tu, asubuhi, jioni, hata mkikutana kwenye kufua: "Umekula?" Zamani ilikuwa inanikera. Nikila nisile inamhusu nini.

Sasa, miaka minne iliyopita baba yake alifariki. Bishnu alikuwa hana karatasi, na mpaka leo hana, kesi yake ya ukimbizi inazunguka tu. Akitoka Kanada harudi. Na kwao mtoto wa kiume ndiye anayewasha moto wa kuchoma mwili wa baba yake, na wa kiume ni yeye peke yake. Moto ukawashwa na mtoto wa baba mdogo. Mama yake akasema, mwanangu kakataa kuja. Kuanzia hapo Bishnu akipiga simu, mama anakataa kuja kuipokea.

Ila mimi nilikuwa najua kitu ambacho mama yake hakijui. Siku ya msiba Bishnu aligonga mlango wetu akakuta nasuka mtu. Nasuka pale sebuleni, kazi niliyojifundisha mwenyewe kwa kuharibu vichwa vya binamu zangu. Akasema, "Ninyoe. Zote." Nikamnyoa. Halafu akaniambia nisimguse tena mpaka siku kumi na tatu ziishe. Siku zote hizo alikaa sakafuni ndani ya shuka nyeupe, anajipikia wali mwenyewe, mara moja kwa siku, bila chumvi. Kila asubuhi anashuka mto Humber, Novemba ile mnayoijua, anajimwagia maji kwa kopo. Mimi nikitoka shifti namwachia mchele na ndizi mlangoni, nagonga, naondoka. Kiwandani nikadanganya ana homa.

"Kwa nini humwambii mama yako?" nilimwuliza alipomaliza.

"Nimwambie nini? Bila kuhani, bila ndugu, kwenye mto wa watu. Watacheka."

Basi mwaka huu dada yake, Sarita, akaandika kwamba mama ameanza kugawa vitu. Sufuria ya shaba kampa jirani. Mkufu kampa Sarita. Na kofia ya baba, ile ya kitambaa cha kufumwa ambayo mtoto wa kiume ndiye anaipokea, sikukuu ya Dashain inayokuja itakwenda kwa yule mtoto wa baba mdogo.

Nilisoma ule ujumbe nikakaa chini. Bibi yangu kule Lushoto alianza hivyohivyo. Nilipigiwa simu kwamba kinu chake kampa shangazi, mimi nikacheka, nikasema Bibi amechoka kutwanga. Wiki ya tatu tukapigiwa tena. Sikwenda. Nilikuwa na shifti. Tangu hapo najiwekea akiba ya kwenda kuona kaburi, na mwaka huu ilikuwa imetosha. Nikamwambia Mama, kaburi litanisubiri, mama wa Bishnu hanisubiri.

Bishnu alinipa sharti moja. "Nenda ukamsalimie. Mwambie naishi. Usinitetee. Mtoto hatetewi kwa mama yake." Nikaapa. Mama naye akafungua sanduku lake la Tanga akatoa doti ya kisutu, chekundu, kizito, ambacho alikuwa hajakivaa hata mara moja. "Mzazi wa mtu haendewi mikono mitupu," akasema, "na haendewi na vitambaa vya ovyo." Akakifunga kwenye karatasi akakishonea na uzi juu. Bishnu hakukiona. Kumbukeni hilo.

Kathmandu, siku tatu za mvua

Safari ya ndege ndefu naiacha, ni kukaa na kuvimba miguu. Nilifika Kathmandu mvua za mwisho wa msimu zinamwagika. Kitu cha kwanza kilichonigomba ni saa. Nepal saa zao zina robo. Hapa Toronto ikiwa saa tatu na robo usiku, kule ni saa moja kamili asubuhi. Sijui nani aliamua.

Ndege ndogo ya kwenda mashariki siku ya kwanza haikuruka kwa sababu ya mawingu. Tukalala kwenye viti, tukarudi mjini. Siku ya pili nikamfuata kijana wa kaunta: "Leo tunaruka?" Akatikisa kichwa upande huu na upande huu, taratibu, kama mtu anayepima embe. Kwetu hiyo ni hapana. Nikaondoka zangu, nikavuka barabara, nikakaa kwenye kibanda nikala momo, yale maandazi ya mvuke yenye nyama ndani, sahani mbili, na pilipili ya nyanya iliyonitoa machozi. Nikarudi, ndege imeruka.

Nilimkalia kooni yule kijana. Nikamwambia kwa sauti ambayo hata wa usalama walisogea, "Nilikuuliza, ukasema hapana."

"Nilisema ndiyo, dada."

"Ulitikisa kichwa."

"Ndiyo," akasema, akatikisa tena vilevile.

Mama mmoja aliyekuwa amekaa na mabegi yake akacheka mpaka akashika mbavu. Akanivuta mkono nikae, akanipa nusu ya hindi lake la kuchoma lililopakwa ndimu na chumvi. Hatukuwa na lugha hata moja ya pamoja. Tulikaa tunatafuna, tunatazama mvua, na harufu ya lile hindi ikanipeleka moja kwa moja stendi ya Mombo, nipo darasa la tano, Bibi ananishika shingo nisivuke barabara. Nilikuwa na hamu ya kugombana lakini ikaisha.

Siku ya tatu tuliruka. Kijana wa kaunta aliponiona alikaza shingo kabisa, akasema ndiyo kwa mdomo.

Kupanda

Unashuka kwenye tambarare, joto kama Korogwe, ng'ombe barabarani, halafu gari aina ya jipu linaanza kupanda na hewa inabadilika kila kona. Nilikuwa nimekaa na Mholanzi mmoja mrefu, mzee, mstaafu, amebeba lenzi ya kamera kubwa kama chupa ya gesi. Alikuwa anakwenda kumtafuta panda mwekundu, mnyama adimu wa misitu ya kule. Kumbe na yeye anafikia kwa Sarita. Ile nyumba yao ni ya kulaza wageni, vyumba vitatu vya mbao, na nusu ya kijiji wanaishi hivyo siku hizi, wanalaza watalii na kuwatembeza msituni.

"Nimekuja mara mbili," akaniambia. "Sijamwona hata mkia. Na wewe umekuja kuona nini?"

"Mama wa mtu," nikasema. Akaandika kwenye daftari lake, sijui aliandika nini.

Halafu tukapinda kona moja na chai ikaanza. Jamani. Vilima vimevaa chai kuanzia juu mpaka chini, imechongwa sawasawa, wanawake wamebeba vikapu kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, ukungu unapita katikati yao na kuwafuta mmoja mmoja. Pembeni ya barabara tangawizi imeanikwa kwenye magunia, maporomoko ya maji yanaanguka mpaka kwenye lami. Nilifungua dirisha. Harufu ya udongo mbichi na moshi wa kuni. Mimi niliondoka Lushoto nina miaka kumi na minne, na kwa miaka yote Toronto nilikuwa nawaambia watu kwetu ni milimani, lakini kusema kweli nilikuwa nimeanza kusahau inavyonuka. Nimevuka nusu ya dunia kwenda kwa mama wa mtu mwingine, nikaikuta Bumbuli ya kwetu Lushoto. Nikalia mbele ya Mholanzi. Akanipa kitambaa cha kufutia lenzi.

Dereva alinitazama kwenye kioo. "Afrika?"

"Tanzania. Na Kanada."

"Nyumbani una simba?"

"Toronto tuna rakuni. Anafungua pipa la takataka vizuri kuliko wewe."

Alicheka, na bado anacheka tukakuta mlima umeshuka barabarani. Matope, mawe, mti mzima umelala. Hakuna aliyeshangaa. Watu wakashuka, wakabeba mizigo, wakavuka kwa miguu juu ya matope, na upande wa pili huwa kuna jipu jingine lililoleta watu wa kushuka. Wanabadilishana abiria kama soksi. Siku hiyo tulikaa pale saa nne nzima, kwa sababu jipu la upande wa pili lilikuwa limekwenda kwanza kupeleka maziwa. Nikamwuliza dereva kwa nini maziwa yatangulie watu. Akasema maziwa yanaharibika.

Kwa miguu, na ruba

Barabara inaishia kwenye duka moja. Kutoka hapo ni kutembea saa mbili kwenye msitu wa miti mirefu yenye ndevu za kuvu. Sarita alikuja kutupokea. Ni mwanamke mwembamba wa miaka arobaini, mwalimu wa zamani, Kiingereza chake amekitoa kwa watalii kwa hiyo kina lafudhi za kila mahali. Alinikumbatia akaniita bahini, yaani mdogo wangu wa kike, akasema, "Bishnu kaniambia, Tatu anapiga kelele lakini ana moyo." Nitamshughulikia Bishnu, nikawaza.

Ruba wa kule wanasimama juu ya majani wanakusubiri kama watu wa parking. Niliwakuta tisa ndani ya buti. Nilipiga kelele moja tu. Sarita akawatoa kwa chumvi huku ananieleza: mianzi ile iliyotafunwa ncha ni chakula cha panda, kinyesi kile cha kijani kwenye tawi ni chake pia, kulungu anayebweka kama mbwa ndiye huyo unayemsikia, na chui yupo lakini ana adabu. Zamani msitu huu ulikuwa unakatwa kuni. Sasa yeye na wenzake wanautembelea zamu kwa zamu, wanaandika walichokiona, kwa sababu panda akiondoka wageni wataondoka naye.

"Na Aama?" nikamwuliza. Aama ndiyo mama, kwao. "Anajua nimetoka kwa nani?"

"Anajua. Hajasema kitu. Ila wanakijiji wanasema Bishnu kaleta mke."

"Mimi ni dada yake."

"Nimewaambia. Hawajafurahi, walishaanza kujadili harusi."

Kwa Aama

Nyumba ipo kwenye kibega cha kilima, kuta za udongo mwekundu chini na chokaa juu, iliki imepandwa kwenye kivuli nyuma. Aama alikuwa barazani anachambua mchele. Mdogo, mgongo umeinama, gauni la bluu iliyopauka, mikono mitupu. Aliponitazama alitazama viatu vyangu kwanza, halafu uso. Nikamwamkia kama ninavyomwamkia mzee yeyote, nikapiga goti. Akashtuka kidogo, akanielekeza mkeka.

Nikasema, tusipoteze muda. Nikatoa zawadi ya Mama, nikaitoa kwa mikono miwili. Akakata uzi kwa meno. Karatasi ikafunguka na kisutu kikamwagika mapajani mwake, chekundu, na ile mistari yake myeusi na myeupe.

Aliondoa mikono kama amegusa chungu cha moto. Akainuka. Kisutu kikaanguka juu ya mchele. Akaenda zake nyuma kwa nyati wao wa maziwa, akaanza kumkatia majani, na hakurudi mpaka jua likashuka.

"Nimefanya nini?" nikamwuliza Sarita.

Alikiokota, akakikunja vizuri. "Bahini, kwetu mjane havai nyekundu. Mume akifa, nyekundu inavuliwa, na bangili zinavunjwa, siku hiyohiyo."

"Siku hiyohiyo."

"Siku ambayo Bishnu hakuja. Ndiyo hiyo umemletea."

Nilitamani ardhi inimeze, halafu nikamkasirikia Bishnu, halafu nikakumbuka hajakiona, halafu nikamkasirikia Mama wa watu aliyetoa kitu chake cha thamani kuliko vyote. Mwisho nikabaki na hasira isiyo na mwenyewe, nayo ndiyo mbaya zaidi.

Siku mbili Aama alinilisha bila kunitazama. Anaweka sahani, anaondoka. Wali, dengu, majani yaliyochachushwa na kukaushwa, pilipili ya duara kama cheri ambayo iliniziba masikio. Siku ya pili mchana akaleta kitu cha kahawia, kigumu, kinatoa moshi, na mchuzi pembeni. Nikatazama. Ugali. Ugali wa ulezi, kule kwenye vilima vya Himalaya, umesongwa vizuri kuliko wa Mama. Sikuuliza mtu. Nikamega, nikafinyanga, nikabonyeza kishimo kwa dole gumba, nikachota mchuzi, nikala. Niliponyanyua uso Aama alikuwa amesimama mlangoni.

Akamwuliza Sarita kitu. "Anauliza nani kakufundisha kula hivyo."

"Bibi yangu," nikasema. "Yeye alinilea. Naye alikuwa mlimani, kwenye chai, kama hapa."

"Anauliza kama yupo."

"Hayupo. Sikwenda kumzika."

Sarita akatafsiri. Aama akaniongezea tonge.

Baba mdogo

Siku ya tatu alikuja baba mdogo, ndugu wa marehemu, kunywa chai ya maziwa. Mzee mnene mwenye kucheka kwa pua. Mholanzi alikuwa msituni. Tulikuwa barazani sisi wanne. Akanitazama, akasema kitu kwa Sarita, na Sarita akainamia kikombe chake.

"Kasema nini?"

"Si kitu, bahini."

"Sarita."

Akapumua. "Kasema, mtoto asiyemlilia baba yake kwa machozi, anamlilia kwa wageni wa kutuma."

Niliapa kutotetea, mnajua niliapa. Nilikaa juu ya mikono yangu kabisa. Baba mdogo akaongeza kwamba Dashain kofia inakuja kwake kwa mwanawe, kwa hiyo Bishnu asihangaike, huko kwenye pesa hakuna anayevaa kofia. Hapo nikasimama.

"Mwambie hivi. Kichwa cha Bishnu nimekinyoa mimi. Kwa mikono hii. Siku ileile."

Sarita alinitazama kama nimempiga. Hakutafsiri. Aama, ambaye Kiingereza hajui hata neno moja, alikuwa amelisikia jina la mwanawe na ameona mikono yangu inafanya nini juu ya kichwa changu. Akaweka kikombe chini. Akamwambia Sarita neno moja. Tafsiri.

Basi likatoka lote. Shuka nyeupe, sakafu, wali. Baba mdogo alitaka kuingilia, Aama akanyanyua mkono bila kumtazama. Halafu akaanza kuniuliza yeye, polepole, swali kwa swali, kama daktari.

"Chumvi?"

"Hakuonja."

"Nani alipika?"

"Yeye mwenyewe. Mimi niliacha mchele mlangoni. Sikuingia, alisema nisimguse."

"Alioga wapi?"

"Mtoni. Karibu na kwetu kuna mto."

"Maji yanakwenda, au yamesimama?"

"Yanakwenda, Aama. Yanaingia ziwani. Ziwa kubwa, ng'ambo haionekani."

"Kulikuwa na baridi?"

"Kulikuwa na barafu pembeni ya maji. Alikuwa anaivunja kwa kisigino."

Hapo alijiziba mdomo kwa ncha ya shali. Nyati alikuwa anatafuna kule nyuma, na sauti yake ilikuwa kubwa sana.

Baba mdogo akasema, kwa sauti ndogo sasa, kwamba bila kuhani haihesabiki.

Aama alimjibu, na Sarita alipokuwa ananitafsiria alikuwa analia tayari. "Kasema, aliyefiwa na mume ni yeye. Atahesabu yeye."

Kwenye mgongo wa kilima

Asubuhi yake Aama alinigusa mguu. Akanionyesha simu yangu, akaonyesha juu. Mtandao kule unapatikana sehemu moja tu, juu kabisa, kwenye mti mkubwa ambapo Mholanzi huwa anafunga kamera yake. Tulipanda sisi wawili, na bibi kizee yule hakupumzika hata mara moja. Mimi nilipumzika mara nne. Ukungu mtupu. Sarita alisema hewa ikiwa safi unauona mlima Kanchenjunga mzima kutoka pale, mweupe, umejaa mbingu. Mimi nilimwona Aama na mti.

Nikapiga. Haikupokelewa. Aama akatikisa kichwa upande huu na huu, nami sasa nilijua maana yake. Nikapiga tena. Bishnu akapokea, nyuma yake mashine za mikate zinaunguruma, mapumziko ya shifti ya jioni ndiyo kwanza yanaanza.

"Tatu? Kuna nini? Aama mzima?"

Sikumjibu. Nikampa Aama simu, nikamwekea sikioni.

Alisikiliza ile mashine. Bishnu alikuwa anaita, Tatu, Tatu. Aama alifumba macho. Miaka minne, na mimi nilikuwa nasubiri maneno makubwa, msamaha, laana, sijui. Akasema swali ambalo nalijua kwa Kinepali kwa sababu nimeulizwa kila siku kwa miaka mitano.

"Umekula?"

Nikasikia sauti ya Bishnu, nyembamba, kama ya mtoto aliyetoka shule: nimekula, Aama. Muongo. Chakula chake kilikuwa bado kwenye kabati la kiwandani, naijua ratiba ile.

Nikasogea mbali niwaachie. Nikasimama kwenye ukingo wa mianzi natazama chini nisionekane ninavyolia, na nilipoinua macho, kwenye tawi lenye kuvu, hatua kama kumi, kuna mnyama wa rangi ya kutu amening'iniza miguu yote minne. Uso mweupe, masikio ya kuchora, mkia wa mapete umelegea. Alikuwa ananitazama bila haraka. Akajilamba mkono, akageuza kichwa, akalala. Simu anayo Aama, kwa hiyo picha hakuna, na msioniamini msiniamini. Mholanzi aliamini. Alikuwa chini anakunywa chai, na nilipomwambia aliweka kikombe akasema neno la Kiholanzi ambalo sikuhitaji tafsiri.

Aama aliongea dakika ishirini. Sarita aliniambia baadaye walizungumzia nyati kuzaa na bei ya tangawizi.

Kushuka

Siku ya kuondoka alinikalisha barazani. Alikuwa na kisutu mapajani. Akataka nimweleze kwa nini ni vipande viwili vilivyoungana. Nikamwambia ndivyo doti ilivyo, unakata katikati, unapinda, kimoja unajifunga, kingine unajitanda. Akachukua mundu wa kukatia majani ya nyati, akakata katikati, mstari ulionyooka kuliko mkasi.

Nusu moja akaiweka kwenye sanduku lake. Nusu nyingine akafungia iliki, na chai kidogo, na katikati, ile kofia.

"Kasema yeye hawezi kuvaa nyekundu," Sarita akatafsiri. "Lakini hawezi kurudisha zawadi ya mama wa mtu. Nusu hii ailete Bishnu mwenyewe, karatasi zake zikitoka, zishonwe pamoja, atamvisha mkwe wake."

Aama akanitazama kwa jicho la pembeni, akaongeza neno, Sarita akacheka. "Anauliza, una hakika wewe ni dada tu?"

"Nina hakika, Aama."

Akatikisa kichwa. Ndiyo au kejeli, sikujua. Alinisindikiza mpaka msitu unapoanza na akasimama pale. Kila nikigeuka yupo, bluu ndogo kwenye ukungu, mpaka ukungu ukampitia.

Weston tena

Bishnu alikuja kunipokea kituoni Weston, kwenye treni ya uwanja wa ndege. Sikumwomba radhi kwa kuvunja kiapo, na yeye hakuniuliza. Tulipanda mpaka ghorofa ya tisa. Akafungua kisutu juu ya kitanda, akakisogeza usoni kabla hata ya kuona kofia. Kilinuka moshi wa kuni. Akaivaa kofia, imempwaya kidogo, akakaa nayo jikoni akachemsha chai, na mimi nikaosha vikombe kwa sababu sikujua pa kutazama.

Mama nilimwambia kisutu chake kimekatwa kwa mundu wa majani ya nyati. Nilidhani atasikitika. Akasema, "Kumbe kimepata kazi."

Karatasi za Bishnu bado. Zinaweza kutoka mwaka huu, zinaweza zisitoke, na Aama hawi mdogo. Jumapili anapiga simu, Aama anapanda mgongo wa kilima kuipokea. Lushoto bado sijakwenda, na nikienda najua hakuna tena atakayenisikia nikipiga hodi. Ila Jumapili hizo mimi huwa kwa Bishnu nasuka mtu au nasubiri chai, na akishamaliza kuulizwa yeye, nasikia Aama anauliza tena kitu kwa sauti ya juu, na Bishnu anageuza simu upande wangu.

"Anauliza, na Tatu? Amekula?"

Nasema nimekula, Aama. Hata kama sijala.